Darasa la Kiangazi Wakati wa Kipupwe

Walimwengu wa kaskazini wana kiangazi chao nasi tuna chetu, na viangazi hivi viwili havijapata kukutana hata siku moja. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, vyuo vya Marekani na Ulaya vifungapo milango na wanafunzi wao wakavaa nguo nyepesi, ndiyo miezi ambayo watu wa Pwani yetu wamo katika kipupwe na upepo wa kusi, na huku kwetu Nyamarambe, Mugirango Kusini, mtoto hatoki asubuhi kwenda shule pasipo sweta. Walakini ni katika miezi hiyo hiyo ya baridi yetu ambapo hufanyika masomo ambayo wenyewe huyaita ya kiangazi: wiki nane za kujifunza Kiswahili kwa mkazo, siku tano kwa wiki, aghalabu saa nne kwa siku, mwalimu akiwa upande mmoja wa dunia na mwanafunzi upande wa pili, na baina yao pasiwe na kitu ila kioo cha kompyuta.

Nimeyajua mambo haya kwa kuwa mmoja wa walimu hao ni binti wa jirani yangu. Amehitimu ualimu, na kama wengi wa rika lake angali anaingoja ajira ya serikali, akifundisha shule ya karibu kwa ujira mdogo utokao mifukoni mwa wazazi. Na kila siku shule ikisha kufungwa huingia katika chumba alichokikodi nyuma ya duka la mbolea sokoni, akatandaza kanga ukutani ili mgeni asione rangi iliyobambuka, akaweka kompyuta juu ya meza na simu kando yake, ili stima ikipotea somo lisipotee nayo. Huketi hapo saa kumi alasiri, ambayo kwa mwanafunzi aliye mashariki mwa Marekani ni saa tatu asubuhi. Nasema saa tatu kwa hesabu yetu, kwani mwanafunzi mwenyewe huiita saa tisa, na somo zima la siku ya kwanza huishia katika kumweleza mtu mwenye akili zake timamu kwamba saa za mchana huhesabiwa tangu jua lichomozapo, wakati mtu anaposhika jembe, wala hazihesabiwi tangu usiku wa manane, wakati hakuna afanyaye lolote.

Katika nchi ya Wagusii mvua hupenda kushuka alasiri, basi saa ya darasa na saa ya mvua zimekuwa moja. Siku niliyokwenda kumtazama, mvua ilipiga mabati hata sauti ya mwalimu ikazama, na yule kijana wa ng'ambo akauliza, kwa Kiswahili cha wiki ya tatu, kama jirani kuna ngoma. Mwalimu hakumjibu kwa maneno. Aliinua simu, akaifikisha dirishani, akamwonyesha maji yakiteremka kutoka paani hadi ndani ya pipa, kuku waliojikunyata chini ya mkokoteni, na mtu akikimbia na gunia kichwani. Kisha akamfundisha kupambanua manyunyu na mvua kubwa, na mvua kubwa na mvua ya mawe, ambayo huko juu milimani ni adui wa majani chai. Kitabu cha somo siku ile kilikuwa kimefunguliwa katika sura ya uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege ulingoja hadi kesho yake.

Katika wiki ya sita alimtoa darasani kabisa. Ilikuwa siku ya soko, naye akambeba mwanafunzi wake ndani ya simu hadi kwa muuza ndizi mmoja, mwanamke wa umri wa bibi ambaye sote humwita mong'ina kwa heshima, akamwambia kwamba pana mgeni anataka kununua. Kijana akaanza kwa taadhima aliyofundishwa: "Shikamoo, mama." Mong'ina, ambaye hakulelewa katika maamkio hayo, akajibu kwa lugha yetu, "Buya mono," na wote wawili wakaridhika. "Mkungu ni bei gani?" kijana akauliza. "Hii mkungu ni mia tano," mong'ina akajibu. Kikapita kimya kidogo, kisha sauti ikatoka katika simu kwa unyenyekevu mkubwa: "Samahani, mwalimu. Si mkungu huu?"

Waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Neno lenyewe lina mzaha wake kwetu, kwa maana katika Ekegusii omokungu ni mwanamke, na mtoto wa darasa la pili asikiapo kwa mara ya kwanza kwamba mkungu umekatwa, ukapelekwa sokoni na kuuzwa, hushtuka akamfikiria mama yake. Lakini kicheko changu kilikatika upesi, kwa kuwa nilijua yatakayosemwa na watu wa mjini wakipata habari hii: kwamba mgeni wa wiki sita amemsahihisha mtu aliyeuza na kununua kwa Kiswahili miaka hamsini, na kwa hiyo ni dhahiri kwamba watu wa bara hawafai kumfundisha mtu lugha hiyo. Mimi kisa hiki kimenipa rai iliyo mbali kabisa na hiyo, nayo naomba wasaa niieleze.

Tazama kwanza alivyofanya mwalimu. Alimwambia kijana kwamba amesema sawa, na kwamba mama naye hakukosa njia ya kumuuzia; kisha akamgeukia mong'ina, akamwomba aseme kwa Ekegusii "watu hawa" na "vitu hivi". Mong'ina akasema pasipo kufikiri: abanto aba, ebinto ebi. Kijana akayaandika, akayatazama, akayasoma tena kwa sauti, na nikaona uso wake ukifunguka, kama mtu aliyepekua nyumba nzima akitafuta ufunguo, akaukuta mfukoni mwake. Ngeli zilizomtoa jasho kwa wiki sita, kumbe zimo kinywani mwa mama huyu asiyepata kufungua kitabu cha sarufi, na katika lugha aliyonyonya hazijampotea hata mara moja.

Basi kwa nini zimpotee katika Kiswahili? Jawabu limo katika namna lugha hiyo ilivyotufikia. Haikuja kwetu kwa mashairi, wala kwa chuo cha Kurani, wala kwa baraza za jioni kama ilivyokuwa Lamu na Mombasa. Ilikuja na boma la Wazungu lililowekwa Kisii mwanzoni mwa karne ya 20, na askari na mapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, vilivyofika hapo hapo Kisii mnamo Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana katika vilima vyetu huku jeshi la kila upande likiwa na askari Waafrika wanaoelewana kwa Kiswahili. Ikaja tena na vibarua waliotoka kwetu kwenda mashamba ya chai ya Kericho. Lugha ya namna hiyo ni lugha ya kuamriwa: lete, beba, ondoka, haraka. Mtu anayeamriwa hana haja na ngeli, wala hapewi nafasi ya kuzitumia. Tulikipokea Kiswahili kama jembe la kuazima, ambalo mtu hulitumia apate kumaliza safu yake, asishughulike na kulinoa, maana si lake.

Kisha tukaambiwa kwamba ni letu. Mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 7 ikakitangaza kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Watoto wetu wakajifunza "mkungu huu" ili wapate alama, wakatoka shuleni wakamkuta mama sokoni, wakasema "hii mkungu" ili wapate ndizi. Binti wa jirani yangu ametembea njia hii yote, toka "hii" ya sokoni hadi "huu" ya mtihani, tena akaivuka hadi akaijua sababu. Na mtu aliyetembea njia kwa miguu yake anajua mahali palipo na shimo kuliko yule aliyezaliwa mwisho wa njia, akafungua macho akajiona amekwisha kufika.

Hii ndiyo rai yangu. Mgeni anayejifunza Kiswahili anahitaji walimu wa aina mbili: mmoja aliyezaliwa ndani ya lugha, ili amsikilizishe lafudhi safi na kumwonjesha utamu wake, na mmoja aliyepata kuwa mgeni wa lugha hiyo kama yeye, ili amshike mkono. Masomo ya mtandaoni yametajirika kwa wa kwanza, na wa pili humwacha mlangoni. Wakala mmoja aliyepata kuombwa kazi na binti huyu alimjibu kwa barua ya mistari miwili kwamba wanahitaji mzawa wa Pwani au wa Unguja. Hakuulizwa amesoma nini, wala hakupewa hata robo saa afundishe wamwone. Alitazamwa jina, likatosha.

Sina ugomvi na Pwani, na Mwenyezi Mungu aniepushe nao. Kimvita, Kiamu na Kiunguja ni chemchemi ambazo sisi sote tumechotea maji, na kufundisha wageni ni kazi ambayo Waunguja wana uzoefu nayo wa miaka mingi, tangu siku za Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Lakini kwa insafu tukumbuke pia kwamba Kiswahili sanifu chenyewe kilipitia mikono ya wanafunzi wageni. Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliketi na wenyeji akiokota neno baada ya neno. Askofu Steere, Mwingereza, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiunguja mwaka 1870 baada ya kuwasikiliza watu wa Unguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliiteua lahaja ya Unguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi nne za Afrika Mashariki kuisimamia. Ikiwa Mjerumani na Mwingereza waliojifunza ukubwani waliaminiwa kuandika vitabu ambavyo sisi tulikuja kusomeshwa, sioni ajabu gani iliyopo Mgusii aliyejifunza utotoni akiaminiwa kufundisha.

Wala sisemi kila Mgusii aaminiwe. Ekegusii haina sauti ya l, na ulimi uliozoea r huiona l kama jiwe njiani. Mwalimu asiyejichunga atamwambia mwanafunzi alete karamu, naye akitaka kalamu, na atamwuliza mahari yake, naye akitaka mahali anapokaa. Na mgeni, ambaye hana kipimo kingine, atayabeba makosa hayo hadi kwao akidhani amebeba mali. Binti huyu aliutibu ulimi wake mwenyewe kwa miezi mingi, akisoma gazeti kwa sauti, akijirekodi katika simu, akajisikiliza, akafuta, akasoma tena, hata mama yake akadhani anaongea na mchumba. Hiyo ni jitihada ya mtu mmoja. Nchi haiwezi kutegemea kila mtu ajitibu peke yake.

Watanzania wanalo Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967, nalo huwapa walimu wa wageni mafunzo na kuwatambua. Sisi Kenya tumelizungumza baraza letu kwa miaka na mikaka. Hapa nyumbani tunacho Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati yake mwaka 2013, na tunao vijana wenye shahada waliokaa barazani. Nashauri chuo hicho kianzishe cheti cha kufundisha Kiswahili kwa wageni, chenye mtihani wa matamshi usio na huruma, na mazoezi ya kufundisha mbele ya kioo cha kompyuta, na serikali ya kaunti ichangie chumba kimoja chenye stima ya uhakika na intaneti katika kila mji mdogo kama huu wetu. Mwalimu mwenye cheti hicho atakapoandika maombi, wakala atakuwa na kitu cha kutazama zaidi ya jina lake.

Na hao wenye masomo nao wana wajibu wao. Wasimdanganye mwanafunzi kwamba wiki nane zitamfanya msemaji. Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba Mwamerika huhitaji wiki 36, yaani saa zaidi ya 800 za darasani, kufikia ujuzi wa kufanyia kazi kwa Kiswahili. Nasi tukizidisha saa nne kwa siku tano kwa wiki nane tunapata saa 160, ambazo hazijafika hata moja katika tano ya safari hiyo. Tabaka, mahali panapochongwa yale mawe laini yanayouzwa dunia nzima kwa jina la Kisii, si mbali na hapa, na kila mtu wa Tabaka anajua kwamba jiwe hukatwa kwa panga kwanza, kisha likaingia kisu, kisha likasuguliwa kwa msasa ndani ya maji, na mwisho likapakwa nta. Wiki nane ni kazi ya panga. Umbo la kiboko limekwisha kuonekana, na mtu mwenye haki huliita kiboko, lakini hakuna anayelitia katika dirisha la duka.

Kwa kuwa saa ni chache hivyo, nashauri moja katika kila saa nne itolewe kitabuni ikapelekwe kwa watu, kwa njia ile ile ya simu iliyopita sokoni kwetu. Siku moja mwanafunzi apelekwe kwa wavuvi wa Lamu, siku nyingine kwa fundi wa baiskeli wa Nyamarambe, na nyingine kwa mpishi wa chapati huko Kisumu, asikie jinsi lugha moja inavyovaliwa kwa mishono mbalimbali, ajue ipi ni ya kuandikia barua na ipi ni ya kupatania bei. Kabla ya maradhi ya Korona, wengi walioweza waliletwa huku huku. Mpango wa ufadhili wa lugha ulioanzishwa na Serikali ya Marekani mwaka 2006 ulizoea kuwapeleka wanafunzi wa Kiswahili Arusha. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, na shule zetu wenyewe zikafungwa tangu Machi hadi zikaja kufunguliwa zote Januari 2021, masomo mengi yalihamia katika kompyuta, na mengine hayakurudi. Yaliyohama yaliwafungulia mlango wasio na nauli. Kilichobakia ni kuhakikisha kwamba ndani ya mlango huo mna watu, wala si kurasa pekee.

Mtu anaweza kuniuliza: Mgusii anapata nini katika haya yote, zaidi ya fedha za binti mmoja? Nitajibu kwa habari ya mwanafunzi mwingine wa darasa lile lile. Huyu amezaliwa Minnesota, ambako Wagusii wamehamia kwa wingi, na jina lake la ukoo ni la hapa hapa kwetu. Wazazi wake walifanya kazi usiku na mchana, nyumbani kukawa Kiingereza kitupu, na alipokuwa mkubwa akataka kuzungumza na bibi yake. Somo la Ekegusii hakulipata, akachukua la Kiswahili, akaangukia mikononi mwa mwalimu wa Nyamarambe pasipo kujua. Sasa kila "watu hawa" wa Kiswahili huja na abanto aba nyuma yake, na anafundishwa lugha mbili kwa ada ya moja. Mwalimu gani wa mahali pengine angeweza kumfanyia hivyo?

Tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO mwaka 2021 iliitenga kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huangukia katikati ya wiki hizo nane. Siku hiyo sisi hukusanyika, tukahutubiwa jinsi Kiswahili kilivyo kitamu, na hotuba ikisha tukarudi kwa Kiingereza au kwa "hii mkungu". Wageni wetu siku hiyo wamo darasani, saa ya pili au ya tatu, wanahangaika na ngeli. Sisemi haya ili tuone haya. Nayasema kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba kufundisha kunamnoa afundishaye na waliomzunguka, na kwamba jembe la kuazima, ukilitumia kumlimia mgeni wako, hugeuka likawa lako.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda kwa mong'ina kununua ndizi. Nilimwuliza bei, naye akaweka mkono juu ya mkungu mmoja, akanitazama, akasema polepole kama mtu anayesoma ubaoni: "Mkungu huu ni mia tano." Akacheka mwenyewe. Nikamwambia kwamba kwa Kiswahili kizuri kama hicho angenipunguzia kidogo. Akajibu kwamba kijana wa simu ndiye aliyemfundisha, nikamwombe yeye hiyo nafuu; nikatoa mia tano kamili, nikaubeba mkungu wangu.